Gari Lisipowaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mmiliki wa gari mjini Tabora anaamka alfajiri akitaka kumfikisha mgonjwa Hospitali ya Kitete, au kuwahi biashara yake Nzega. Anazungusha ufunguo, gari halitikisiki. Fundi anaitwa, anatazama kwa muda mfupi, anasema ni betri. Betri mpya inanunuliwa na gari linawaka. Siku nne baadaye linagoma tena, na safari hii inasemwa ni stata. Stata ya mtumba inafungwa, gari linakwenda wiki moja, kisha linagoma mara ya tatu. Ndipo fundi mwingine anapokuta waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, umelegea na kuota kutu mahali ulipofungwa. Kazi yote ilihitaji spana, brashi ya waya na robo saa.

Mfano huo tumeutunga, lakini kila aliyewahi kumiliki gari kuukuu ataujua. Kasoro yake haipo katika ubaya wa fundi wala katika ujinga wa mwenye gari. Imo katika mpangilio wa kazi: kipuri kilinunuliwa kabla ya chanzo kupimwa. Katika somo hili tunaeleza jinsi mtumiaji asiye fundi anavyoweza kujua, kwa masikio, macho na mita ndogo ya umeme, tatizo liko upande gani, ili fedha yake isitangulie mbele ya ukweli.

Kwa watu wa Unyamwezi jambo hili lina historia. Enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia, na nguo ya merikani ilikuwa ndiyo fedha. Nguo hiyo ilihesabiwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Thamani ya robota haikujulikana kwa kutazama unene wake bali kwa kuipima nguo iliyomo. Tabora ilijua pia gharama ya kungoja. Dkt. David Livingstone, baada ya kuagana na Stanley mwezi Machi 1872, alikaa Kwihara hadi Agosti akisubiri wapagazi watoke pwani. Msafiri wa leo hangoji miezi mitano, lakini kipuri kisichopatikana Sikonge hufuatwa Tabora, na kisichopatikana Tabora huagizwa Mwanza au Dar es Salaam. Kipuri kilichoagizwa kimakosa hugharimu bei yake, nauli ya basi lililokileta, na siku ambazo gari lililala.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Gari lisilowaka husema linaumwa wapi, na husema mapema, kabla mtu hajagusa kitu. Zungusha ufunguo mara moja tu, kisha sikiliza.

Ukizungusha na pasiwe na sauti yoyote, wala taa za dashibodi zisiwake, umeme haufiki kabisa. Betri imekwisha, kichwa cha waya kimechomoka, au fyuzi kubwa imeungua. Taa zikiwaka vizuri lakini stata isitoe sauti, usikimbilie betri. Hakikisha kwanza kwamba gia ya otomatiki imo kwenye P au N. Gari hilo halitazungusha stata likiwa kwenye gia nyingine, na si mara chache mtu amesukumwa na wapita njia hali gia yake imesimama kwenye D. Gari la kuwasha kwa kitufe hudai mguu uwe umekanyaga breki. Baadhi ya magari ya gia za mkono nayo hudai klachi ikanyagwe.

Ukisikia mlio mfupi wa haraka haraka, tak-tak-tak-tak, na taa zikififia kila mlio, betri haina nguvu ya kutosha au nguvu yake haipiti kwenye vichwa vya waya. Ukisikia mlio mmoja mzito, tak, kisha kimya, na taa zisififie sana, shuku stata yenyewe au waya unaoingia humo. Na kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, basi acha betri na stata mahali pake, kwa kuwa zote mbili zimekwisha kufanya kazi yake. Tatizo liko kwenye mafuta, cheche au ulinzi wa ufunguo. Mwenye gari anayeijua tofauti hii moja pekee, baina ya injini isiyozunguka na injini inayozunguka bila kuwaka, amekwisha kupunguza nusu ya makisio.

Usikae ukizungusha bila kukoma. Stata hupata joto upesi. Sekunde 10 zatosha kwa jaribio moja, kisha pumzika walau nusu dakika. Kushikilia ufunguo kwa hasira humaliza betri iliyokuwa na uhai na kuunguza stata iliyokuwa nzima, na hapo tatizo moja huwa matatu.

Betri na nyaya zake

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, nasi tutakaa hapa kwa kitambo.

Betri ya gari dogo huitwa ya volti 12, lakini ikiwa imejaa na gari limelala usiku kucha, mita huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki na nusu hivi ya chaji. Ikishuka chini ya 12, imekwisha kwa matumizi ya kuwasha injini. Mita ya kupimia volti huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na betri. Iweke kwenye alama ya volti za mkondo mnyoofu, gusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye kichwa cha hasi, soma namba.

Namba ya kwanza haitoshi. Mwombe mwenzako azungushe ufunguo wakati mita ingali imegusa betri. Betri nzima hushuka lakini hubaki juu ya volti 9.6 hivi, ikianguka hadi 7 au 6, haiwezi tena kubeba mzigo hata kama ilisomeka vizuri ilipokuwa imetulia. Kipimo cha tatu hufanywa injini ikiwa imewaka. Hapo mita inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5 katika magari mengi. Ikibaki 12 na kitu, betri haichajiwi: altaneta ni mbovu, au mkanda wake umelegea, au waya umekatika. Kununua betri mpya katika hali hiyo ni kununua siku chache tu za safari, maana betri mpya nayo itakauka chaji kama ile ya zamani. Jambo hili ndilo tungependa msomaji asilisahau hata akisahau mengine yote katika ukurasa huu.

Kabla ya vipimo hivyo vyote, tazama vichwa vya betri. Ungaunga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme. Zima gari, fungua kwanza waya wa hasi, ndipo ufungue wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi au baking poda na brashi, kausha, kisha funga chanya kwanza na hasi mwisho. Kichwa kilichokazwa vyema hakizunguki kwa nguvu ya mkono. Fuata waya wa hasi hadi unapoishia kwenye bodi na kwenye injini, ukague penye boliti. Katika mkoa wenye vumbi jingi la barabara za vumbi na matope ya masika, mahali hapo huliwa na kutu bila mtu kuona, kwa sababu hapako mbele ya macho.

Waangalie pia panya. Gari lililolala wiki mbili karibu na ghala la mahindi au mpunga huwa nyumba yao, nao hutafuna ngozi ya waya. Ukikuta mabua, maganda ya karanga au kinyesi juu ya injini, kagua nyaya kabla ya kuruhusu kipuri chochote kibadilishwe.

Betri za kujaza maji zahitaji kutazamwa. Maji yakishuka chini ya bamba za ndani, sehemu iliyobaki wazi huharibika na hairudi. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba wala ya kisima, na usiongeze tindikali: kinachopungua kwa joto ni maji, tindikali hubaki. Yuko fundi atakayekuambia kwamba tindikali mpya huifufua betri. Huifanya ichangamke kwa siku mbili tatu, kisha huimaliza.

Na hali ya hewa ya Tabora ina hila yake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Septemba na Oktoba ni miezi ya joto kali kabla ya mvua, na Juni na Julai usiku huwa wa baridi. Joto ndilo huiharibu betri kwa kukausha maji na kula bamba zake, lakini injini yenye joto huwaka kwa urahisi, hivyo dereva haoni dalili. Baridi ya Juni inapofika, oili ya injini huwa nzito na betri hutakiwa kutoa nguvu zaidi. Ndipo inaposhindwa. Kwa hiyo betri iliyouawa Oktoba hutangazwa kufa Juni, na mwenye gari huilaumu baridi. Ipime mwezi Mei.

Kubusti bila hasara

Kuazima umeme kwa gari la jirani ni ujirani mwema, ila ukifanywa ovyo unaweza kuunguza altaneta na kompyuta za magari yote mawili. Magari yasigusane. Yazime yote. Fuata mpangilio huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Ncha hiyo ya mwisho ndiyo hutoa cheche, na betri hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka. Ndiyo sababu cheche isitokee juu ya betri. Usivute sigara hapo, wala usimulike kwa kiberiti. Washa gari zima, ngoja dakika chache, kisha jaribu lililogoma. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Gari la gia za mkono laweza pia kusukumwa likiwa gia ya pili. La otomatiki halisukumwi, hata wakijitokeza vijana kumi wenye nguvu.

Injini inayozunguka bila kuwaka

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usifike kwenye stata, na utege sikio upande wa kiti cha nyuma. Katika magari mengi ya petroli yenye pampu ndani ya tangi utasikia mvumo mfupi wa sekunde mbili hivi. Mvumo usiposikika, anza na fyuzi na rilei ya pampu, ambazo ni vitu vya bei ndogo, kabla ya pampu yenyewe. Na utuwie radhi kwa kulitaja hili: hakikisha mna mafuta. Geji za magari kuukuu husema uongo, hasa gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko.

Taa ndogo yenye picha ya ufunguo ikiwa inamweka wakati unazungusha, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa pili. Kwa gari la kitufe, betri ndogo ya ufunguo inaweza kuwa imekwisha. Magari mengi ya aina hiyo huwaka ukigusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe na kukibonyeza.

Gari la dizeli asubuhi ya Juni huhitaji subira: ngoja taa ya plagi za kupasha izime ndipo uzungushe stata. Likiwa liliishiwa mafuta kabisa njiani, kujaza tangi hakutoshi, kwa kuwa hewa imeingia kwenye mipira na lazima itolewe kwa pampu ya mkono.

Gari lililogoma muda mfupi baada ya kujaza mafuta lina swali la pekee. Mafuta yaliyochanganywa na maji au mafuta ya taa yamekuwa tatizo nchini kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya itoweke. Ukishuku mafuta, acha kuzungusha injini. Mwambie fundi atoe kiasi kwenye chupa safi ya kioo mbele yako, ikae kwa saa moja: maji hutuama chini. Hifadhi chupa hiyo pamoja na risiti ya kituo. Aliyenunua petroli ya chupa kando ya njia hana risiti, na kwa hiyo hana pa kuanzia.

Ukikwama njiani

Barabara za kwenda Urambo na Kaliua, na ile ya Sikonge hadi Mpanda, hupita katika misitu mirefu ya miombo, na baina ya Ipole na Koga ni pori lenye wanyama. Ukigoma hapo jioni, usianze kufungua injini gizani wala usitembee kutafuta msaada. Sogeza gari nje ya barabara, weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, ubaki ndani. Madereva wengi hukata matawi kuwa alama, na huondoka wakiyaacha. Matawi hayo huwa hatari kwa pikipiki itakayopita baadaye. Yaondoe. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Unapolipa

Mfundi mwema haogopi maswali. Kabla hajafungua kitu, muulize: umepima nini, na kipimo kimesemaje? Jibu kama “nimesoma volti 12.5, zikaanguka hadi 7 tulipowasha” ni jibu. “Hizi gari ndivyo zilivyo” si jibu. Patana bei ya ukaguzi mbali na bei ya matengenezo, maandishi mafupi kwenye daftari yakitosha, na useme wazi kwamba kipuri chochote kisibadilishwe kabla hujaarifiwa. Kipuri cha zamani ni mali yako. Kidai urudishiwe, hata kama utakiuza chuma chakavu.

Unaponunua betri, tazama tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa au kugongwa kwenye ganda. Betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla hujaifunga. Omba ipimwe mbele yako. Ikisoma chini ya 12.4, chagua nyingine. Linganisha ukubwa wake na upande wa vichwa vyake na ile ya zamani. Kadi ya dhamana ijazwe tarehe, namba ya betri na muhuri wa duka, kwa sababu kadi tupu haimfungi mtu. Dai risiti ya mashine ya EFD iliyotaja bidhaa yenyewe, si neno “vifaa” tu.

Katika maduka mengi huandikwa ukutani au kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halimnyimi mnunuzi haki yake bidhaa ikiwa mbovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi ambayo mnunuzi alimjulisha, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 humkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au asili ya bidhaa. Mtu aliyeuziwa kipuri bandia kilichobandikwa jina la kampuni maarufu ameonewa pia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Anza kwa muuzaji mwenyewe, kwa maandishi, ukieleza tarehe, bidhaa, vipimo vilivyopatikana na unachokiomba: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurejeshewa fedha. Mpe siku maalumu za kujibu na ubaki na nakala. Asipojibu, suala la udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. La ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. La mafuta, EWURA. Na ukishuku kwamba pampu ya kituo ilikupunja lita, Wakala wa Vipimo. Ambatanisha nakala ya risiti na picha ya kipuri, pamoja na picha ya mita ikionyesha namba ukiweza kuipiga. Asili za nyaraka zako usizitoe.

Betri ya zamani usiipasue wala kumwaga tindikali yake kwenye shamba au karibu na kisima. Ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Risasi hiyo ina thamani, na kwa sababu hiyo wauzaji wengi wa betri huipokea na kupunguza bei ya mpya. Uliza punguzo hilo kabla ya kulipa, maana ukishalipa halitajwi.